Zulia Jekundu la Bi Zuhura

Siku ile nyumbani kwa Bi Zuhura, Chang'ombe, tulikuwepo mimi, jirani yake wa ukuta mmoja. Salma, binti wa mdogo wake, aliyekuwa akisomea ufundi. Petro wa Iringa, aliyesoma na Salma. Na Bi Zuhura mwenyewe, ambaye Ijumaa tumemzika. Mungu amrehemu.

Mnaikumbuka miaka ile biashara zilipofunguliwa, maduka yakajaa vitu tulivyozoea kuvisikia tu. Bi Zuhura aliuza vitenge mpaka akanunua zulia jekundu. Wageni tukawa tunapokelewa jikoni. Nikamtania, "Hilo zulia umewanunulia majini?" Akanijibu, akinikumbusha kijiji nilikotoka, "Miguu yako ya Mkonze ibaki na vumbi lake huko huko."

Basi Salma na Petro walikuwa wameunda roboti ya mashindano ya vyuo, kwa mota za waipa za gari, cheni za baiskeli na betri ya pikipiki. Uani, juu ya sementi, ilizunguka vizuri. Lakini ukumbi wa mashindano ulitandikwa zulia, na mwalimu alishasema ikishindwa kukata kona Jumatatu, itakwenda ya wenzao. Salma akapiga goti.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Zulia simpi mtu."

Salma akainama kuokota cheni zake. Bi Zuhura akamtazama, akaguna. "Hicho kigari kinakojoa mafuta?"

"Kidogo, mama."

"Kivalisheni nepi, mkiingize."

Wakaipakia tofali, maana mashindanoni ingebeba mzigo. Mbele ilikwenda. Kwenye kona magurudumu yakang'ang'ania, cheni ikaruka, zulia likanyofoka kipande cha kiganja kizima. Nikafumba macho. Petro akainyanyua aitoe nje.

"Unakipeleka wapi?" Bi Zuhura akamkemea. "Kimeshaharibu, sasa kijifunze!"

Wakavua mpira wa magurudumu ya mbele, ikabaki plastiki tupu inayoteleza. Wakarudia mpaka betri ikachoka. Salma akakataa kuichaji, akisema hata ukumbini itachoka. Ikakata kona. Jumatatu wakachaguliwa, ingawa huko mashindanoni walitolewa mapema.

Siku hizi tunawanunulia watoto vitu vizuri, kisha tunawakataza kuvigusa. Mtoto hujifunza pale mwenye mali anapokubali iharibike.

Petro, kama unanisoma, niandikie, nanyi mliosimuliwa nisahihisheni: iling'ang'ania kona ya kulia au ya kushoto? Salma anasema kulia, mimi nasema kushoto, na wa kutuamua ndiye tuliyemzika.