Kornelia na Hadithi ya Mbega Mdogo

Kornelia wa Masama alikuwa na mtoto mmoja tu, Digna, na Digna alikuwa na kifafa. Kilimwanza akiwa bado mdogo, mwaka ule wa Azimio la Arusha. Kijijini watu waliamini kwamba povu la mgonjwa likikugusa, nawe utaanguka. Shuleni Digna aliketi kwenye dawati lake peke yake.

Kornelia hakwenda kugombana na mtu. Watoto wa jirani walipokuja kumsaidia kuchambua kahawa uani, aliwapikia kiburu, na wakiisha kula ndizi zao na maharage akawasimulia habari za mbega mdogo wa msituni. Mbega huyo usingizi ulikuwa ukimkamata angali hewani, akiruka kutoka mti hadi mti. Mbega wakubwa walimkimbia. Wadogo wakajifunza kumdaka, kumlaza ubavu na kumkalia karibu mpaka aamke.

"Na hao wadogo hawakuambukizwa?" akauliza Lukresia, binti wa Dominika, jirani wa ng'ambo ya mfereji.

"Hata mmoja. Usingizi ule ulikuwa wake mwenyewe."

Siku chache baadaye Digna alianguka palepale uani. Watoto wakarudi nyuma, isipokuwa Lukresia. Alimlaza ubavu, akaketi akimshika mkono. Wengine nao wakazoea, hata wakawa wanagombea nani akae naye. Dawati la shuleni likajaa. Majirani wakamsikia Kornelia akiimba tena akikata majani ya ng'ombe.

Dominika alipopata habari alimchapa binti yake. "Ukimgusa tena yule, usirudi humu ndani."

Mwaka wa sabini na tatu, asubuhi, Digna alitumwa kuchota maji. Akaangukia mferejini, uso chini. Maji yenyewe hayakufika hata magotini. Kina mama watatu walikuwa wakifua hapo, Dominika mmoja wao. Walipiga yowe, wakaita wanaume, lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Lukresia alikuwa migombani. Alisikia, akaja mbio, akaingia majini mbele ya mama yake, akamvuta Digna hadi ukingoni na kumlaza ubavu.

Kornelia alipofika, kina mama wamesimama mbali, na msichana yule ameketi kwenye tope, mkono wa Digna mkononi mwake.

"Mama Digna," akasema, "leo anachelewa kuamka."

Digna alizikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo nyuma ya nyumba. Matanga yalipoanuliwa Dominika alikuja, akasimama mlangoni.

"Mama Digna, niliogopa."

"Najua," Kornelia akamjibu. "Niliwasimulia watoto tu. Ninyi nilidhani mmeshakua."

Kahawa ilipoiva tena Lukresia alikuja na ndoo yake, na mama yake hakumzuia. Wenzake wakamfuata, wakaomba hadithi. Kornelia alianza, kisha akajifunika uso kwa khanga. Lukresia akawaambia wenzake waende nyumbani. Yeye akabaki.