Dirisha Ambalo Halikuvunjika

Machicha ya pombe ya mtama yakinyeshewa siku mbili hutoa harufu ya uchachu inayokwama kooni. Ongeza maganda ya muhogo na vichwa vya samaki wa chumvi, na hapo umefika kwenye bustani ya watoto ya mji wa Koboko, Uganda, kama nilivyoijua mwaka ule familia zetu ziliporudi kutoka uhamishoni ng'ambo ya mpaka. Kuiita bustani ilikuwa kuipa heshima ya bure. Palikuwa na mabenchi matatu ya saruji na bembea isiyo na minyororo, na nyuma yake soko, ambalo kila jioni lilitapika humo chochote lilichoshindwa kukiuza. Watu walisema mahali pale ni pa gavumenti, wakimaanisha hapana mwenyewe.

Mwalimu Poni, aliyetufundisha darasa la nne, hakukubali. Wakubwa wa mji walikuwa wamemwambia kwamba bustani isipokuwa safi muhula ukiisha, itakatwa viwanja vya vibanda vya biashara. Akatuchagua watoto kumi na wawili, tuje kila Jumamosi na mafagio na makarai. "Hii si adhabu," alituambia. "Hapa ni penu." Tulimtazama kwa adabu, bila kuelewa kitu. Sisi tulijua kufagia kwa aina mbili tu: uwanja wa mama yako, na kosa lako. Waliochelewa shuleni walifyeka nyasi za shule; wafungwa walifyeka nyasi za serikali. Aina ya tatu hatukuwahi kuiona.

Mji nao haukuwahi. Jumamosi ya kwanza vijana wa baiskeli walipunguza mwendo ili watutukane vizuri. "Wafungwa! Askari yenu iko wapi?" Ya pili, mama mmoja muuza muhogo mkavu alisimama na kapu lake kichwani, akatuangalia kwa huruma iliyoniuma kuliko matusi.

"Eh, watoto yangu. Nyinyi nakosa nini?"

"Hatukukosa, Mama," akajibu rafiki yangu Rajabu, mtoto mkweli kupita kiasi. "Tunasafisha tu."

"Nasafisha tu? Bure?" Akacheka mpaka kapu likatikisika. "Nyinyi iko wajinga, au mwalimu yenu iko mgonjwa?"

Hapo ndipo nilipotoa mchango wangu kwa maendeleo ya mji. Nilimwambia kwamba Rajabu anaona aibu, lakini ukweli ni kwamba tulivunja dirisha la shule kwa mpira. Mama akaguna kwa kuridhika, akatupa kipande cha muhogo kila mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na nilishajua kwamba mkosaji ana heshima yake. Anayejitolea hana hata moja.

Habari ilifika nyumbani kabla ya karai langu. Baba alikuwa sajini wa jeshi lililokwisha kuvunjwa, na Jumatatu alinishika mkono hadi shuleni, amevaa shati lililopigwa pasi kama la gwaride.

"Mwalimu, dirisha iko wapi? Mimi nataka ona."

Mwalimu Poni akamwonyesha kuta zetu zenye matundu matupu. "Dirisha gani, Mzee? Hapa kioo hakijafika."

"Basi huyu hapana vunja kitu?"

"Hapana."

"Kama hapana kosa, kwa nini nafagia taka ya watu? Mimi nafagia kambi miaka kumi. Kila siku amri iko. Hii, nani natoa amri?"

"Hakuna amri, Mzee. Ndiyo maana yake."

Baba alimkodolea macho kama mtu aliyeambiwa kuna vita visivyo na adui. Mimi nilikuwa nangoja fimbo kwa uongo wangu, na ningeshukuru kuipata. Haikuja. Alinirudisha nyumbani taratibu, mkono begani, kama mtoto aliyeonewa. Jumamosi iliyofuata sikwenda. Wazazi wengine wakafuata mfano wa sajini, mpaka akabaki mwalimu na Rajabu, kisha mwalimu peke yake. Nilimwona mara mbili nikipita na dumu la maji. Nilijifanya dumu ni zito, nikainamisha kichwa. Muhula ulipokwisha, vigingi vya vibanda vilipigwa katikati ya mabenchi, na hakuna mtu aliyelalamika, kwa kuwa hakuna mtu aliyepotelewa na kitu chake.

Sasa naishi mji wa Arua, na chuoni nafundisha somo lenye neno uwajibikaji katika jina lake. Mwezi uliopita mtaa wetu ulikuwa na siku ya usafi kwenye kiwanja cha michezo, nikaalikwa kama mgeni rasmi. Kulikuwa na fulana mpya, glavu mpya na mpiga picha. Nilifagia kwa madaha mahali palipokuwa pameshafagiwa, na kusema kweli nilijipenda. Tulipopangwa kwa picha, binti yangu wa miaka kumi hakuwepo. Alikuwa ndani ya mtaro nyuma ya goli, tope limefika magotini, akivuta chupa za plastiki peke yake. Hakuna aliyemtuma. Watu walianza kumnyooshea kidole na kucheka, kisha sauti moja ikamwita kwa ukali atoke humo, anajiaibisha.

"Bado tatu, Baba," akajibu, bila kugeuka.

Nilimwita tena.

Akatoka.