Transfoma Mbili za Nira Moja

Mngurumo ndio ulionifikia kwanza. Nilikuwa bado koridoni, funguo mkononi na mkate kwapani, nikausikia ukipenya chini ya mlango, mzito na wa chini, kama nyuki waliofungiwa mzingani. Nakumbuka asubuhi hiyo vizuri, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimepanga chumba kimoja mtaa wa Pioneer, natengeneza redio za watu. Ndani ya chumba hicho nilikuwa nimeiacha ikiwaka peke yake redio ya kwanza niliyoiunda kwa mikono yangu.

Ilikuwa redio ya kompyuta, kama hii unayotaka kuunda wewe. Kibao kidogo hushika mawimbi kutoka kwenye waya wa antena, kisha hutoa sauti mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia, nazo huingia kwenye kompyuta. Programu huzilinganisha hizo mbili, na kwa kuzilinganisha hujua kila stesheni inakaa wapi. Lakini betri ya kompyuta yangu ilikuwa imekufa, haiwaki bila chaja, na umeme wa chaja ulipita kwenye waya hadi ndani ya redio ukanguruma humo.

Nisingejali sana kama redio ingekuwa ya kujifurahisha. Nilikuwa nimemwahidi Mwalimu Deng. Alifundisha hesabu katika shule moja huko Kiplombe, mtu mrefu na mpole, aliyekimbia vita kusini mwa Sudan na kupotezana na dada yake njiani. Kulikuwa na stesheni ya kwao, dhaifu mno, iliyosoma salamu za watu waliopotezana kila Jumamosi saa nne asubuhi. Kila salamu ilisomwa Jumamosi mbili, kisha ikaachwa. Redio za madukani hazikuishika.

"Chepkoech," aliniambia, "nikisikia hata jina tu, nitalala."

Dawa ya mngurumo ule ni transfoma za sauti, moja kwa kila upande. Ndani ya transfoma, waya mbili zimezungushwa kwenye chuma kimoja bila kugusana. Sauti huvuka kwa nguvu ya sumaku, na mngurumo, uliozoea kusafiri kwa waya, hukosa daraja. Hilo nililijua. Kuchagua ndiko sikujua.

Duka moja la Nairobi lilikuwa limebakiwa na moja tu, mpya, miguu yake inang'aa kama pete ya harusi. Niliichukua. Ya pili niliing'oa kwenye redio kuukuu ya nyanya yangu. Nikajiambia kwamba moja nzuri ni afadhali kuliko kukosa zote. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini nani wa kumwambia hivyo msichana ambaye mngurumo wake umenyamaza? Maana ulinyamaza kweli. Niliruka, mwanangu! Nikampigia Mwalimu simu saa hiyo hiyo, sijaisikiliza redio hata dakika tano.

Jumamosi alifika mapema, amevaa koti. Akaketi kwenye stuli, magoti yakimfikia kifuani. Saa nne ikafika, na sauti ya mwanamke ikaanza kusoma kwa Kidinka, lugha ya kwao. Sikuelewa neno hata moja, nilisoma uso wake tu. Akainua kidole nikae kimya. Midomo yake ikaanza kufuata maneno. Ndipo kwaya ikaingia.

Ilikuwa stesheni yenye nguvu, makao yake upande wa pili kabisa wa skrini ya kompyuta, lakini kivuli chake kilikuwa kimeangukia hapa, juu ya sauti ile nyembamba. Niligeuza hiki na kile. Kwaya ilipotulia, yule mwanamke alikuwa ameshafika kwenye majina mengine.

"Ametaja jina la baba yangu," Mwalimu alisema. "Halafu hao wakaanza kuimba."

"Pole, Mwalimu."

"Wanaimba vizuri. Lakini mimi leo sikuja kanisani." Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. "Kama salamu hiyo wameisoma mara ya kwanza, imebaki Jumamosi moja. Kama ni mara ya pili, basi."

Kuuliza si ujinga, ila mimi niliuliza baada ya kuharibu. Nilipakata redio hadi Cheptiret, kwa Mzee Lagat, aliyestaafu kazi ya kutengeneza simu za waya. Aliifungua, akainama juu yake kama mtu anayekagua jino la mtoto.

"Hii ya kushoto umetoa wapi?"

"Ni mpya, Mzee. Ya Nairobi."

"Na hii ingine?"

"Ya redio ya nyanya."

Akageukia jikoni. "Mama Jeru, kuja uone! Huyu msichana amefunga fahali na ndama kwa nira moja, halafu anashangaa mbona mtaro umepinda!"

"Mpe chai kwanza," mkewe akajibu kutoka huko. "Utamtukana akishashiba."

Nilikunywa chai, nikatukanwa. "Kompyuta yako inaamini hizo sauti mbili ziko sawa," Mzee alisema. "Wewe umezipitisha njia tofauti. Moja imefika na nguvu, ingine imefika imechoka na imechelewa. Sasa kompyuta itajuaje stesheni ni ya upande gani? Inaiweka pande zote mbili."

Rafuni kulikuwa na mkebe uliojaa transfoma za simu, kumbukumbu ya maisha yake yote. Nilinyoosha mkono.

"Wacha hizo. Zilitengenezwa zibebe mdomo wa mtu, basi. Redio yako inataka kutoka chini kabisa mpaka juu kule mbwa pekee ndiye anasikia. Usichague kitu kwa sababu mzee anakipenda."

Akaleta nyingine tisa, alizozitoa kwenye mashine kuukuu ya kuchanganyia sauti ya kanisa. Kiwanda kimoja, umbo moja. Nikashika mbili za karibu, akanipiga kofi dogo la mkono. "Umeziuliza kama zinapatana?"

Kuziuliza kulikuwa hivi. Tulipeleka mlio mmoja kwenye transfoma mbili kwa pamoja, tukaunganisha kule unakotokea zikielekeana kinyume, tukasikiliza kwa hedifoni. Zikilingana, kila moja humnyamazisha mwenzake. Zisipolingana, tofauti yao ndiyo inayolia. Tulijaribu jozi zote thelathini na sita, kutoka mlio mnene hadi mwembamba. Nyingi zilinyamaza katikati tu, zikapiga kelele pembeni. Jozi moja ilikaa kimya kutoka chini hadi juu. Sijawahi kufurahia kimya namna hiyo.

Jumamosi ya pili kwaya iliimba kwao, na yule mwanamke akasoma kwake. Dakika kumi. Ishirini. Uso wa Mwalimu ulikuwa umeanza kufungika. Kisha akasimama ghafla, stuli ikaanguka.

"Achol," alisema. "Dada yangu! Anasema yuko Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, ana watoto wawili. Anadhani mimi nilibaki nyumbani. Kakuma! Chepkoech, si ni hapa hapa Kenya?"

Sasa wewe umenijia na orodha ya transfoma kutoka mtandaoni, unaniuliza ipi ndiyo bora. Uliza kwanza zipi mbili zinapatana. Nunua za aina moja, na bado uzijaribu, kwani hata mapacha hutofautiana usingizi. Soma zinabeba sauti kutoka wapi hadi wapi, maana nyembamba ya simu itakukatia nusu ya anga. Weka kapasita mbele ya kila moja, umeme usiobadilika, kama wa betri, usipite ndani yake ukakilevya chuma. Ziweke mbali na chaja. Kisha, mwanangu, isikilize kazi yako siku nzima kabla hujamwita mtu anayengoja jina la nduguye. Kosa la chuma nililirekebisha Cheptiret. La kuita mapema, Mungu ndiye aliyenifunikia.

Baraka ninayokupa si yangu. Ni ile ile Mwalimu aliyonipa siku hiyo, kiganja chake kikiwa juu ya kichwa changu: "Mungu akupe masikio ya kusikia wasio na nguvu. Akupe mikono isiyo na pupa. Na siku utakapopotea wewe, awepo mtu wa kulisikia jina lako."

Akaokota kofia yake, akauliza magari ya Kitale, njia ya kwenda Kakuma, hupakia wapi, asingoje jibu. Akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.