Mtoto Aliyeng'aa Mafuta

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, Gongo la Mboto, niliposifiwa na mtaa mzima kwa kosa.

Mjukuu wangu, jana ulinisomea maneno ya Kiingereza, dry, arid, parched, ukanung'unika: "Bibi, si yote ni ukavu tu?" Ukanieleza mwenyewe kwamba la kwanza ni la kitu chochote, la pili la nchi isiyo na mvua, la tatu la koo lililoungua kwa kiu. Sikukucheka. Mie niliwahi kushindwa na maneno ya lugha yangu.

Jumamosi hiyo dada yangu alikwenda sokoni kuuza mchicha, akaniachia mwanawe Shabani, wa miezi minane. Alikuwa akiharisha tangu alfajiri. Nilichoona mimi ni ngozi iliyopauka, na kwetu mtoto akipauka, anayesemwa ni mlezi. Nikampaka mafuta ya nazi hadi vidoleni, nikakaa naye barazani.

"Mashallah, anang'aa huyo!" walisema wapita njia. Kichwa kikanivimba. Hata alipolegea begani, nilisema ametulia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ndipo akaja jirani yetu, Bi Mwanahawa, mzee wa Kizaramo. Nikampa shikamoo, hakuitika. Alimfinya Shabani ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Mtoto akalia.

"Machozi yake yako wapi?"

"Bibi, alipauka tu, nimeshampaka..."

"Kilichopauka ndicho hupakwa! Huyu amekauka, nawe unamsugua kama sufuria ya harusi. Amekojoa saa ngapi?"

Sikujua.

Alimnyakua, tukakimbilia zahanati huku khanga zikitufunguka. Tulimnywesha maji ya dawa, kijiko baada ya kijiko, hadi alasiri aliponilowesha mapaja kwa mkojo. Bi Mwanahawa akapiga kigelegele, wagonjwa wote wakageuka. Mie nililia.

Mwanangu, maneno yanayofanana ni ndugu wa tumbo moja, lakini kila mmoja ana kazi yake. Ukimwita huyu kwa kazi ya yule, kuna mtu ataumia. Mwenzako akikuambia amechoka, usikimbilie kumpa pole ya juu juu. Kaa, uliza, ujue ni uchovu gani. Jina sahihi la shida ni nusu ya dawa.

Mungu akupe subira ya kuuliza, na akukinge na sifa zinazofika kabla ya ukweli.