Chupa Kavu ya Isingiro

Tulisafiri kwa sababu ya ukurasa mmoja. Baba ni mwalimu wa shule ya misheni hapa Bugene, na amepima mvua kila siku saa tatu asubuhi tangu kabla sijazaliwa. Kitabu chake cha vipimo alimwazima mtaalamu mmoja wa hali ya hewa, ambaye watu humwita Bwana Mvua. Sasa ikaja barua: utafiti umechapishwa, waliosaidia wakaribie chai Isingiro, nyumbani kwa Bwana Kofia, mzungu wa machimbo ya bati. Baba alitaka kuona jina lake limepigwa chapa. Hakusema, ila viatu alivipiga rangi mara mbili. Nami, kwa kuwa nasoma sekondari na Kiingereza changu si haba, nikachukuliwa; Mama akabaki kupima mvua.

Ijumaa alfajiri tulipanda lori la machimbo pale Kayanga, tukakaa juu ya magunia ya saruji.

"Mwalimu, unakwenda kupokea mshahara wa mvua?" dereva akauliza.

"Heshima tu," Baba akajibu.

Watu wakacheka. Mimi niliona aibu, nikajifanya natazama migomba.

Isingiro tulifika jioni. Aliyetupokea ni mpishi, mzee Tefano, maana barazani wataalamu watano wa mawe na mvua walikuwa wakipongezana.

"Makala yako, bwana, imenikosesha usingizi!"

"Yako je! Nimeitaja mara nne."

"Nami yako mara sita."

Kazi yao ndiyo hiyo: huyu amtaje yule ili yule amtaje huyu. Kuku wetu wakichakura, angalau hupata mdudu.

Kwa Tefano tulikula bitoke, zile ndizi za kupika, na maharage, kisha Baba akanipa kijitabu cha ule utafiti. "Nisomee shukrani, mwanangu."

Bwana Mvua alimshukuru mkewe kwa kupiga taipu, akamshukuru mbwa wake kwa uvumilivu, na Bwana Kofia kwa vipimo safi visivyo na doa. Bugene ilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo: vipimo vyake vimeachwa, kwani kitabu kina madoa na masahihisho mengi mno.

"Madoa ni ya mvua," Baba akasema polepole. "Walitaka ya nini?"

Tefano akaguna. "Cha Bwana wangu kitakosaje kuwa safi? Hukijaza hapo hapo kitini, sigara mkononi. Huko uani sijamwona akiinama hata siku moja."

Jumamosi alfajiri ilinyesha mvua kubwa. Ilipofika saa tatu wataalamu walikuwa wakila mayai. Baba peke yake alikwenda uani kwenye kipimamvua cha Bwana Kofia, nami nyuma yake. Nyigu walikuwa wameziba mdomo wa faneli kwa tope. Chupa ya ndani ilikuwa kavu, ina buibui.

Akaibeba, akaiweka mezani katikati ya mayai. "Mvua ya leo hii hapa, mabwana. Je, mtachapisha upya, na vya Bugene viingie?"

Bwana Kofia akacheka. Bwana Mvua, ambaye jana alikuwa na Kiswahili cha kutosha kuagiza maji ya kuoga, sasa hakikumjia. Akanigeukia: baba yako anasema nini?

Darasani hata jina langu nalitaja kwa kunong'ona. Lakini hapo nikatafsiri yote. Akajibu kwamba kitabu kimekwisha kuchapwa, tena Bwana Kofia ni mwenyeji wetu, haitapendeza.

"Basi tafadhali anirudishie kitabu changu," Baba akasema.

Nikatafsiri. Hiyo "tafadhali" niliiacha.

Kitabu kikatolewa sandukuni. Njia nzima ya kurudi Baba alikipakata, na dereva hakuthubutu kumtania.

Nilichojifunza ni kwamba wasomi wale wanapimana wenyewe kwa wenyewe, mvua haimo. Jumatatu saa tatu Baba alipima kama kawaida. Fomu ya mwezi ya kumpelekea Bwana Mvua, Mama aliwashia moto. Kisha Baba akachukua kalamu, akaandika jina lake juu ya jalada la kitabu chake cha vipimo, kwa herufi kubwa kama za chapa.

"Limekaa sawa?" akaniuliza.

"Limekaa sawa, Baba."