Darasa Kwenye Kambi ya Bata Bukini

Mwalimu wa injini hufuta kila boliti kwa kitambaa chake cha bluu kabla mwanafunzi yeyote hajaigusa. Akitaka kujua ugonjwa wa injini, huigusisha ncha ya bisibisi, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Ismay Koostachin, mama wa watoto wawili, amejifunza kutosema neno mpaka macho hayo yafumbuke.

Msimu huu wa kuwinda bata bukini Ismay alikuwa kambini na baba yake. Baraza la Wakrii, wenyeji asilia wa kaskazini mwa Kanada, ndilo linaloendesha mafunzo ya ufundi wa injini, lakini fedha ni za serikali na zina masharti yake: ukikosa siku tano, jina linafutwa. Asubuhi ya siku ya tano Ismay asipoonekana darasani, mwalimu alishuka mtoni hadi kambini na rejista ya mahudhurio kwapani, akaenda moja kwa moja kwenye injini mbovu ya boti ya mzee, baba yake Ismay.

"Utanifukuzia bata wewe!" mzee alifoka.

"Bata watarudi, Mzee. Nafasi ya binti yako hairudi."

Walikuwa wanafunga boliti ya mwisho simu ya setilaiti ya mwalimu ilipolia. Afisa wa serikali aliuliza darasa liko wapi.

"Liko penye injini mbovu," mwalimu akasema.

"Na Ismay yupo?"

Mwalimu aliisogeza simu karibu na injini, akamtazama Ismay. Ismay akavuta kamba mara moja tu, na injini ikanguruma mto mzima. Bata wakaruka wote, mzee akaporomosha matusi.

"Umesikia?" mwalimu akasema kwenye simu, kwa sauti yake ya chini. "Huyo ndiye Ismay. Anayetukana ni baba yake."