Balimulilia mama yangu angali anapumua: kansere ya ovaire, maji mu kifua, na neno ya yomba

Bakubwa, jambo yenu bote.

Munivumilie Kiswahili yangu, ni ya Lubumbashi, na masomo yangu iliishia ku primaire, shule ya musingi. Lakini hii ninaandika niliiona na macho yangu. Nikiongeza chumvi, yaya yangu (dada yangu mukubwa) anasomaka humu, ataniumbua mbele yenu.

Juzi muntu mumoja alileta uzi: mama yake iko na kansere ya ovaire, maji imeingia mu kifua, banganga ba lopital, badaktari, banataka kuitosha (kuitoa, kwa beye ba mbali). Bengi munamujibu: "Asikubali! Mwenye anatoshwa maji hakawiake."

Bon. Ngoja niseme yetu.

Ilikuwa wakati ya Zaire. Parti moja, kila muntu ni citoyen, mwananchi. Hata mbuzi ya jirani tulikuwa tunaiita citoyen, lakini pole-pole, juu ya kuogopa masikio ya serikali.

Tulikuwa tunakaa Kampemba, mule mu Lubumbashi. Papa alishakufwa zamani. Yaya yangu Chansa alikuwa na bwana yake na batoto yake, barabara ya pili. Mi nilikuwa bado kijana, naziba pneu ya velo (mipira ya baiskeli) ku soko, na kinywa yangu haikukuwa na frein, breki.

Mama alianza kuvimba tumbo. Mikono inakonda, tumbo inapanda.

Jirani moja akamuchokoza: "Eh mama, huyu mutoto ni wa ngapi?"

Mama akamujibu: "Bwana yangu iko mu kaburi. Kama alikuyaka usiku, hakunilamusha mu usingizi."

Munaona fasi (mahali) nilitosha kinywa yangu.

Kisha pumzi ikaanza kukatika. Anatembea mupaka ku robinet ya maji, bomba, anasimama, anashika ukuta. Akilala, anakohoa kama muntu mwenye anazama. Yaya Chansa akasema inatosha, tukamupeleka ku lopital.

Munganga alikuwa kijana, hana mambo ya kuzunguka. Alitutosha inje, mi na Yaya, akatuambia:

"Kansere ilianzia ku ovaire, ile kifuko ya mayai ya mwanamuke. Imetawanyika mu tumbo. Sasa maji imejaa kati ya mbavu na pafu, upande ya kuume. Pafu inaminywa, haina fasi ya kufunguka. Njo maana hawezi kulala."

Yaya akauliza: "Dawa?"

"Ya kumuponesha, hatuna. Ya kumupa pumzi, iko: ponction. Sindano mu mugongo, kati ya mbavu, maji inatoka."

Alisema vile, akaenda kwa mugonjwa mwingine. Sikumukasirikia. Mi pia nikiona pneu imekwisha, ninasema imekwisha.

Kutoka pale Mama alikuwa analala ku kiti. Nilikamata chambre à air ya velo, ule mupira ya ndani, nikaifunga nyuma ya kiti, kuume na kushoto, ikafanya kama mikono ya kumushika asianguke. Mu salle (wodi) ya banamuke mi njo nilikuwa garde-malade, mwenye kuchunga mugonjwa, mwanaume mumoja tu. Nikipita na sufuria ya uji, bale ba mama banacheka: "Weye, utamupata bibi namna gani na hii aibu?" Nikabajibu ninangoja mumoja wao apone.

Sasa shida.

Mama alikataa sindano.

"Hii mwili iko na mwenyewe," akasema. "Mwenyewe iko Kilwa."

Niwaeleze kidogo. Bantu ba mama ni ba kule Kilwa, ku ziwa, si ile Kilwa ya bahari. Kwao mutoto ni wa upande ya mama, na neno ya mwili yake iko kwa ndugu mwanaume. Kwa Mama, ni kaka yake mukubwa, Yomba Mulenga. Yomba ni mujomba, ndugu ya mama. Munganga akimutobola Mama bila neno ya Yomba, kisha Mama afwe, bandugu hawatauliza munganga. Batauliza shiye (sisi): "Nani alibapa ruhusa ya kumutoboa mutoto yetu?" Na tunaitwa baloji, bachawi, mi na Yaya, mupaka batoto ya Yaya.

Mama alijua. Hakuogopa sindano. Aliogopa kutuachia kesi.

Munganga akamuambia: "Citoyenne, maji haingojake muntu."

Mama akapumua mara ingine, akatafuta pumzi ya kujibu: "Mi ninangoja."

Yaya akaenda ku parokia. Kule bapadri balikuwa na fonie, ile radio ya kusemea na misheni ya mbali. Mesaji ilikuwa wazi kabisa: Mama anagonjwa, banganga banataka kutosha maji mu kifua, Yomba akuye atoe neno.

Hakuna kitu kilifichwa. Lakini sikieni fasi tulianguka.

Ku bantu yetu, lufu (kifo) haitangazwake kwa fonie. Hata siku moja hawatasema "fulani amekufwa", juu mwenye kusikia anaweza kuanguka akiwa ku njia. Banasema anagonjwa, mukuye. Kwa hivi, mukatekisti akitoka ku misheni na karatasi ya fonie mu mukono, muji muzima inajua: kuna maiti. Maneno ya ndani hakuna mwenye anaisikiliza.

Ungeandika "Mama anacheza mpira", bangelia.

Shiye ku lopital hatukufikiria. Tulikuwa tunangoja Yomba mumoja na kibegi.

Mu ile kungoja, Mama alinikataza kumuchekesha. "Ukinichekesha unaniibia pumzi." Bakubwa, ile njo ilikuwa kazi kubwa ya maisha yangu. Ninakaa pale, ninaona ule mugonjwa ya pembeni anamutukana muke mwenza ndani ya usingizi, na ninafunga kinywa. Nilikuwa ninasikia maneno inaoza ndani.

Na ngozi ya midomo ya Mama ilianza kubadilika rangi. Yaya alikuwa anafika saa sita na bukari (ugali), anaangalia ile midomo, anageuka kuangalia dirisha.

Asubuhi moja tukasikia kilio ku mulango mukubwa ya lopital. Si ya muntu mumoja. Ya kamio nzima, lori ya kujaa bantu.

Nikatoka kuangalia, kama kila muntu mwenye anapenda mambo ya bengine. Ninaona mikeka. Ninaona kuni. Ninaona bifuko ya samaki ya kukauka. Ninaona mama mukubwa, dada ya Mama, amefunga kitambaa mu kiuno, anajigaragaza chini.

Na Yomba Mulenga anagombana na mwenye kulinda morgue, nyumba ya maiti: "Munatufichia maiti yetu juu ya nini?"

"Muzee, huyu muntu haiko humu."

"Fungua tena!"

Nikakimbia: "Yomba! Yomba, Mama iko muzima!"

Mama mukubwa akasimama kutoka chini, akanipiga kofi. "Hata ku kilio ya mama yako unafanya mizaha!"

Munaona bei ya kuwa muchekeshaji. Siku unasema ukweli, hakuna mununuzi.

Nikaapa kwa Mungu, nikaapa kwa kaburi ya Papa. Wapi. Mupaka Yaya Chansa akatokea na sufuria. Yaya hajafanyaka muzaha tangu kuzaliwa. Akasema tu: "Muingie, iko ku kiti." Njo bakaacha kulia.

Baliingia mu salle bote, na mikeka ku kichwa. Mama iko pale, chambre à air imemushika, anabaangalia mumoja-mumoja. Anaona macho ya kuvimba. Anaona kitambaa ya kilio.

Akauliza: "Nani amekufwa?"

Mama mukubwa alianza kufungua kile kitambaa mu kiuno, pole-pole, kama muntu anaficha kitu aliiba.

Ku shiye, kumulilia muntu muzima ni jambo mubaya sana. Ni kama umemufungulia lufu mulango. Yomba aliikala chini, ku simenti, akashika kichwa. Munganga alikuya, akarudilia maneno yake yote: ovaire, maji, pafu, sindano.

Yomba akauliza: "Maji ikitoka, itarudi?"

"Itarudi."

"Na mutaitosha tena?"

"Tutaitosha tena."

"Na ugonjwa itaisha?"

"Hapana. Atapumua tu."

Yomba akamuangalia Mama. "Weye unasema nini, ndugu?"

Mama akasema: "Ninataka kulala."

Ni ile tu. Kulala.

Yomba akasimama. Akatugeukia shiye bote, na ile sauti ya kusemea mbele ya bantu:

"Shiye tulimulilia tangu Kilwa mupaka hapa. Kilio yake tulishaimaliza ku njia. Sasa lufu itatuogopesha na nini? Mi njo ninatoa neno. Mumutobole. Akifwa leo, akifwa kesho, hakuna mwenye atauliza hawa batoto. Mwenye kuwa na mulomo, aufungue sasa, akiniangalia mu macho."

Mama mukubwa akasogeza mukeka yake, munganga apate njia.

Balimugeuza ku kiti, kifua imeegemea mugongo ya kiti, mikono mbele. Mi nilimushika mikono. Munganga akagonga mugongo na vidole, kama unavyogonga pipa kujua maji inafika wapi. Dawa ya ganzi, kisha sindano ndefu. Maji ilitoka rangi ya chai ya rangi, na damu kidogo ndani. Ikajaza chupa, ikaanza ingine. Mama alikohoa sana, munganga akaacha. Alisema haitoshwake yote mara moja, ni hatari.

Kisha Mama akavuta pumzi.

Siyui kuieleza. Ilikuwa pumzi ya kawaida, ile munavuta sasa hivi na hamuione.

Akasema: "Mutoke ku kitanda, munanikalia fasi."

Akalala. Mugongo chini, muchana kweupe, mbele ya bandugu bote. Na bo, kwa aibu ao kwa kuchoka, balitandika ile mikeka ya kilio chini ya madirisha, inje, balale pia.

Alipolamuka aliuliza ile bifuko ina nini. Mama mukubwa akasema samaki. Samaki ya nini?

"Muipike," Mama akasema. "Ya kilio yangu nitaikula miye. Siku ile ya kweli sitapata."

Aliikula na bukari, akamulaumu mama mukubwa chumvi ni kidogo.

Sitawadanganya. Maji ilirudi, ikatoshwa, ikarudi tena. Kansere haikumuogopa Yomba. Mama alirudi nyumbani, akaona mahindi mapya, akagombana na jirani, akamufundisha mutoto ya Yaya kusuka. Kisha akaacha kukula, na tulijua.

Alikufwa ku kitanda yake, amelala. Si ku kiti. Bandugu balikuya, balilia, balizika, balirudi Kilwa. Hakuna mwenye alituuliza kitu.

Kwa hivi, weye mwenye ulileta ule uzi: maji si yenye inaua. Sindano haiponeshe pia, asikudanganye muntu. Inampa mama yako fasi ya kupumua, uliza banganga yako kama yeye anaiweza. Lakini mbele ya sindano, tafuta yule mwenye neno mu familia yenu, umuite mapema, na umutume muntu akamuone uso kwa uso. Usimuache mama yako anangoja ruhusa na pafu moja.

Bengine mwenye mulipita mule, muandike: kwenu nani alitoa neno?

Na weye, ndugu, utuambie kwanza hii moja: mama yako leo analala ku kitanda, ao ku kiti?